Likizo Yetu ya Kwenda Kutazama Twiga

Mpendwa mume wangu, Baba Rehema,

Wamekubaliana bila mimi. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, watakuwa wamekusalia sala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Kisha watakuja kukusomea hitima hapa nyumbani, na mimi niingizwe chumbani nikae eda. Mama yako ameshafika kutoka Sindeni na mkeka wake na sufuria yake. Shehe amesema muda uliopita unatosha. Wajomba zako wamesema hivyo hivyo. Kila mtu ana la kusema juu ya kufa kwako isipokuwa wewe mwenyewe.

Nimekataa. Nimewaambia mbele ya watu kwamba sitakaa eda ya mume ambaye habari ya kifo chake nimeletewa na mtani. Wakanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, na huenda nimerukwa kweli. Nakuandikia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwuliza. Baba Rehema, umekufa au hujafa?

Unakumbuka ilivyoanza? Bwana meneja wa shamba la mkonge alikuwa akimngojea dada yake na mumewe kutoka Ulaya, na wageni hao walikuwa wameandika kwamba wanataka jambo moja tu, kuona wanyama. Basi kila jioni ramani ilitandikwa juu ya meza ya bwana, na wewe dereva ukaitwa uingie na vumbi lako useme njia gani lori litapita na njia gani litazama. Ukirudi huku Korogwe ya zamani ulikuwa unanichezea mchezo wote. Bwana anataka Ngorongoro. Memsahibu anasema Ngorongoro kuna baridi. Bwana anasema basi Mkomazi. Memsahibu anasema Mkomazi mwaka ule waliona vumbi na mkia wa kitu fulani. Kisha wanageuka wote wawili, wanakuuliza wewe, na wewe unakohoa kidogo na kusema lile neno lako: "Njia ipo, bwana, ila si njia."

Nikakuuliza, "Wakifika huko watawapiga bunduki?"

"Hawapigi. Wanatazama."

"Wanatazama tu?"

"Wanakaa garini, wananyamaza, wanatazama. Wakishiba kutazama wanarudi."

Mimi niliyekulia Sindeni juu ya dungu, nikipiga debe mpaka mikono inakufa ganzi ili nguruwe na tembo wasitumalizie mahindi, nilicheka mpaka Rehema akaamka. Likizo ya kwenda kumfuata tembo alipo! Ningemwambia mama yangu angedhani ni hadithi ya sungura. Lakini wewe hukucheka sana. Ulikuwa unavua viatu, ukabaki na kiatu kimoja mkononi, ukasema, "Na sisi je? Siku nikipewa likizo, ungetaka twende wapi?"

Nimepelekwa sehemu nyingi maishani mwangu. Nimepelekwa shamba, nimepelekwa kwa mume, nimepelekwa hospitali na misibani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nataka kwenda wapi. Nilikwenda kumfunika Rehema, ukadhani nimekasirika.

Kesho yake ukaja na ramani kuukuu ya bwana, imechanika katikati na ina duara la chai kwenye kona. Ukaitandika juu ya mkeka, ukaweka mwiko upande huu na kandambili upande ule isijikunje. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma. Watoto wa shule wanaanza na baba na kaka. Mimi nilianza na Korogwe, kwa sababu nilijua ilipo. Kutoka hapo nikaenda Handeni, nikateremka Segera, nikapanda Lushoto nikapumzika. Ngorongoro niliisoma kwa jasho, nikaisoma tena mpaka ukanisihi niache. Barua hii unayoiona na herufi zake za kupinda ni kazi yako.

Na tulibishana! Kila jioni, kama meneja na mkewe. Wewe ulitaka kiboko. Nikakwambia kiboko yuko hapo mtoni ninapochota maji, tena ananitazama yeye, kuna haja gani ya kupoteza likizo? Ukasema basi tembo. Nikasema tembo nimeshamtazama utoto wangu wote, na naye bado ana deni la mahindi yetu. Simba ukamtoa mwenyewe, ukasema hutaki kulala garini na mwanamke anayepiga kelele. Ndipo nikasema twiga.

"Kwa nini twiga?"

"Hajawahi kuingia shambani kwetu. Ni mnyama ninayeweza kumtazama bila kumtafutia debe."

Ulicheka. Kisha ukaacha kucheka, ukasema, "Basi twiga," kwa sauti ile ile uliyomwambia nayo baba yangu kwamba unanitaka mimi na si dada yangu.

Sasa nikukumbushe Mihambo, maana yote yananasa kwake. Ulimpenda kuliko ndugu zako. Mnyamwezi wa watu, kaja kukata mkonge, akasahau kurudi kwao, na kwa kuwa yeye Mnyamwezi na sisi Wazigua, hakuna alichotusazia. Mtani hana kosa. Aliingia bila hodi, akafunua chungu, akala nyama akatuachia mchuzi. Wewe ukamwita mpagazi, ukamwambia kichwa chake kimebonyea kwa mizigo ya babu zake. Yeye alipoisikia habari ya ramani yetu akaitangaza kambi nzima: "Wazigua wamepata akili ya kizungu! Wanakwenda likizo kuwaamkia wajomba zao porini!"

Na kutuua alikuwa anatuua kila mara. Mara ngapi alisimama mlangoni na kupiga kelele, "Mama Rehema, toka nje ulie, mumeo kafa," nawe umekaa nyuma yangu unapiga mswaki? Aliniua na mimi vile vile; alikuja kukuambia pale gereji kwamba nimedondoka kisimani, ukamjibu bila kutoa kichwa chini ya lori, "Kamzike, sanda utalipa wewe." Tulizoea. Nani angemwamini mtani juu ya kifo?

Mwishowe meneja na mkewe walikuchoka au walichokana, wakakuachia wewe uchague. Ukawachagulia nyika ya upande wa Kibirashi, kule Wamasai wanakochunga. Uliwaambia kiangazi mito yote hukauka na wanyama husogea kwenye madimbwi yaliyobaki, hivyo mgeni hana haja ya kuwatafuta. Hiyo ndiyo sababu uliyowapa wao. Mimi uliniambia nyingine: twiga wako huko, umeulizia. "Mimi nakwenda kututazamia mahali," ulisema. "Kama pazuri, likizo yangu ikitoka nitakupeleka. Kama si pazuri, hasara ni ya bwana."

Nilikufungia bada la muhogo na samaki mkavu. Koti lako la kaki uliliacha kwenye msumari, ukasema kwenye jua la kiangazi litakuchemsha mgongo. Mihambo alikuwa juu ya lori na mahema, kachukuliwa kwenda kuyasimamisha, anaimba matusi juu ya ukoo wetu. Mliondoka hivyo. Niliingia ndani nikaendelea kupepeta mchele, na hata sikutazama lori likipotea, kwa kuwa sikujua kwamba kuna haja.

Alirudi Mihambo peke yake. Alidandia lori la watu akashuka Segera, akapata jingine mpaka hapa. Akasimama mlangoni akasema, "Mama Rehema, mumeo kafa."

Nikamjibu kama kawaida. Nikamwambia akakuzike na jembe arudishe. Akasema tena, nikammwagia maji ya vyombo. Akasimama pale ameloa, mdomo wazi, nami nikamcheka, Baba Rehema, nikawaita na majirani waje wacheke. Akageuka akaenda zake. Siku zote tangu hapo nikimwona njiani najifungia, asije akanimalizia lile aliloanza.

Meneja alikuja baadaye na karani wa kumfasiria. Akasema mvua ilinyesha milima ya Nguu, huko mlikokuwa jua linawaka, na korongo lililokuwa mchanga mtupu likajaa mara moja. Akasema walikutafuta. Akasema hukuonekana. Nilimshika karani mkono nikamwuliza, amesema hakuonekana au amesema amekufa? Akasema, hakuonekana. Basi neno hilo nimeishi nalo. Wageni wamesharudi kwao Ulaya. Mimi nakwenda Segera kila siku ya gulio, nasimama njia panda, nawauliza madereva wa Arusha na wa Dar es Salaam kama wamemwona mwanaume anayetembea bega la kushoto limeshuka. Wananionea huruma, wananipa ndizi. Nilikwenda Handeni kwa miguu, hospitali, kwa liwali, mpaka kwa Wamasai wauza ng'ombe. Nikirudi Rehema ananiuliza wewe umesemaje. Mtoto haulizi kama nimekuona, anauliza umesemaje.

Siwezi tena. Nakwambia wewe kwa kuwa mbele yao najikaza. Chakula hakipiti. Nikisikia lori linapunguza mwendo naacha chochote nilichoshika, na nimeshavunja vyungu vya kutosha. Nikikaa eda nitakuwa nimekuua mimi, kwa mdomo wangu. Nisipokaa, nitakungojea njia panda mpaka niwe bibi. Hebu niambie lipi. Nipe hata ndoto moja tu, mume wangu, umekuwa mchoyo

Nilikatizwa hapo. Sasa ni alasiri, na naendelea kwa sababu lazima nikwambie.

Mihambo amekuja. Mama yako alikuwa uani na wanawake wanachambua mchele wa Ijumaa. Hakubisha hodi, na hakunisalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari, akalitungua koti lako, akalivaa.

Nilishika mwiko. Unajua na mimi najua: mtani atakula chungu chote, atatukana mpaka kaburi la babu, lakini nguo ya mtu aliye hai haivai. Nguo huivaa msibani, amwigize marehemu, watu wacheke, na akitoka hutoka nayo kwa kuwa ni haki yake. Nilimfuata uani nimpige nao kichwani. Mama yako akasema, "Mwache, mwanangu."

Naye akaanza kutembea. Bega la kushoto likashuka. Akapiga ile hatua yako ya mtu aliyeshuka kwenye lori na bado haiamini ardhi. Akakohoa kidogo, akamwinamia mama yako kama vile ni memsahibu, akasema, "Njia ipo, ila si njia."

Nikacheka. Sikutaka. Kicheko kilinitoka, kikubwa, na wanawake wote wakacheka, na mama yako akacheka huku machozi yanamtiririka, kwa kuwa ulikuwa pale pale uani, Baba Rehema, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Na nilipokuwa ningali nacheka nikajua. Mtu aliye hai hachekwi hivyo.

Nikauangusha mwiko. Mihambo hakuacha. Alifika ukingoni mwa mtaro wa maji ya mvua, akaweka kiganja juu ya macho, akanyoosha shingo. Akasema kwa sauti yako, "Mpagazi, nyamaza. Unawaona wale ng'ambo? Ngoja nishuke niwatazame vizuri, nisije nikamdanganya Mama Rehema." Akaingia ndani ya mtaro kama ndilo lile korongo. Akanyoosha kidole mbele. "Yule mrefu kabisa, wake. Yule mdogo anayenyonya, wa Rehema. Na yule..."

Akanyamaza hapo, kidole kiko hewani. Hakuna aliyecheka tena. Alikaa hivyo mpaka mama yako alipokwenda kumshika mkono, akamtoa mtaroni kama mtoto.

Hicho ndicho alichokuja kuniambia siku ile nilipommwagia maji.

Koti kaondoka nalo. Sikumdai chochote, wala yeye hakunitania. Ijumaa nitaingia chumbani, nitakaa eda yako mpaka iishe, na nimewaambia ramani yetu, niliyoibandika ukutani ulipoondoka, wasiibandue hata wakitoa vingine vyote. Naogopa, Baba Rehema. Naogopa kitanda, naogopa gulio lijalo, ambapo sitakuwa na pa kwenda. Kama ningejua kwamba hata kuchagua kunauma hivi, siku ile uliponiuliza ningesema sitaki kwenda popote, nataka ukae hapa uvue kiatu cha pili.

Lakini uliwaona. Nimeambiwa uliwaona, tena wengi, na ulikuwa unatugawia. Kwaheri, mwenzangu. Mungu akulaze pema huko kwenye mchanga ulikolala. Sitakuuliza tena kama umekufa. Nijibu hili moja tu, hata ndotoni: yule wa tatu, uliyekuwa unamwonyesha, alikuwa wako?

Mkeo,
Mama Rehema