Patasi Saba kwa Saba

3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Habari za hapo karakanani, na goti lako? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Chuo cha ufundi kimenipa darasa la kuchonga mbao na kuchapa picha, kila Jumamosi. Wanafunzi kumi, wote watu wazima. Wino ninao, rola ninayo, vipande vya plaiwudi nimeomba kwa fundi makabati. Darasa likiwapendeza wakubwa wa chuo, wataniajiri. Lisipowapendeza, narudi kusimama kaunta ya duka la watu.

Nimepungukiwa patasi pana. Unajua ziliko.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lipo. Miaka sita hujaliulizia, leo limekuwa la maana.

Ziko palepale ulipoziacha siku uliyotangaza unaondoka, magunia mia nne ya unga hayajapigwa chapa na mteja kasimama mlangoni. Nilimaliza peke yangu. Wewe ndiye uliyesema tugawane zana za baba sawa kwa sawa. Tukachagua kwa zamu, moja wewe, moja mimi, mpaka meza ikabaki tupu. Saba kwa saba, hakuna aliyepunjwa. Sasa unataka nini? Kumi na nne kwa sifuri?

Madukani zimejaa.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole. Kila nilipoanza kukuandikia nilifika kwenye yale magunia nikakwama.

Za dukani nilinunua mbili, zikapinda siku hiyohiyo. Darasa tumeanza kwa zile zangu saba. Zote nyembamba, kaka. Siku ile nilichagua nilizozipenda, nawe ukachagua za kazi. Wanafunzi wamechonga mistari mizuri, lakini kuondoa mbao yote inayozunguka mchoro kwa ncha kama sindano, nani ataweza? Muda umekwisha, hakuna aliyechapa hata karatasi moja. Mama mmoja, mkunga mstaafu, akaniuliza, "Mwalimu, hiki kitoto kitazaliwa lini?" Wakacheka, nikacheka nao, kisha nikaenda stoo kulia.

Miaka yote hii picha zangu ni mistari mitupu. Watu husema ndio mtindo wangu. Sijawaambia kwamba sina patasi pana.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nanoa. Msalimie mkunga.

Baada ya barua yako nilizipanga chapa zangu zote mezani. Herufi nene, nyota nene, jogoo mnene asiye na hata unyoya mmoja. Wateja husema, "Fundi, jogoo wako kashiba huyu!" Nami hucheka, kana kwamba nilikusudia. Hesabu yetu ilikuwa sawa kabisa, na bado kila mmoja wetu aliondoka na nusu ya kazi.

Kwenye kifurushi zimo zote saba, na jiwe la kunolea. Waambie mkono wa pili ukae nyuma ya makali, siku zote. Chapa mpya sichongi mpaka zirudi, napiga za zamani tu. Usiharakishe.

Yale magunia bado yananiuma. Hilo lisikuzuie kuzitumia.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Huku wazima, na wino umetufika mpaka masikioni. Picha kumi zimezaliwa! Tulizianika kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlangoni. Mkunga kachonga nyayo mbili za mtoto mchanga. Mkuu wa chuo alisimama mbele ya picha hiyo akasahau alichojia.

Ila kuna fundi baiskeli mmoja, anatumia mkono wa kushoto kama wewe. Nikimwonyesha nikiwa kando yake, kila kitu kwake kinakuja kinyume, ubao unamteleza. Vidole vitatu vina plasta. Anasema ataacha. Mimi nilijifunza nikiwa nimekaa mbele yako, nikikutazama kama kioo. Nimejaribu kukaa mbele yake vivyo hivyo, lakini anapokosea sijui mkono wa kushoto unarekebishwaje.

Patasi zinatosha, kaka. Ninayemhitaji ni wewe. Na kuhusu yale magunia: ningeweza kungoja tuyamalize. Sikungoja. Nisamehe.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie fundi baiskeli asiache. Mpaka nifike, ageuze ubao, asigeuze mkono.

Nimebandika karatasi mlangoni: JUMAMOSI HATUFUNGUI. Yule mteja wa unga kaja juu, "Fundi, toka lini wewe ukapumzika?" Nikamwambia sipumziki, nina darasa na mdogo wangu. Akaniuliza, "Yule aliyekukimbia?" Nikamwambia ndiye huyohuyo, na chunga mdomo wako.

Mezani kwenu mwanga utoke kulia, la sivyo vivuli vya mikono yetu ya kushoto, wangu na wa fundi baiskeli, vitaangukia kazi. Sogezeni meza kabla sijafika. Wewe ukae upande wa pili, mbele yangu.

Kaka yako