Sahihi Yangu Kwenye Maji ya Bibi Zuwena

Ibra, Oman

Wanangu wa kundi la maji,

Assalaam alaykum. Shikamoo zenu nazipokea huku huku nilipo, hata za nyinyi mlioota mvi na kunipita cheo. Hamjambo? Watoto wazima? Mwanaidi, presha ya mama imeshuka? Mimi mwili hauna neno, ila roho imenichafuka, na sitawaficha.

Kila mwaka nawaandikieni, nyinyi niliowafundisha kupima mito huko nyumbani, habari za kundi: nani kahitimu, chombo gani tumepata, nani kaoa. Mwaka huu ninayo habari moja tu, nayo inanuka.

Hapa chuoni tulipewa kazi ya kupima falaji ya kijiji kimoja nje ya mji. Falaji ni mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya mlima hadi mashambani, na kila mwenye mitende ana zamu yake. Wanafunzi wangu wa huku wakafunga chombo cha kupima kina, namba zikawa zinaingia kwenye simu. Namba tamu! Maji yameongezeka, tukaandika. Mkuu wa idara akafurahi mno, maana kuna tajiri anataka kuchimba kisima cha mashine huko juu yanakotoka maji ya falaji, na ripoti yetu ndiyo ya kumpatia ruhusa. Nikatia sahihi.

Wiki iliyopita nikaenda kijijini na nakala, najidai, niwasomee wenye maji. Akanipokea Bibi Zuwena, mzaliwa wa Unguja, mwenye kishamba cha mitende na ulimi mkali.

"Maji yameongezeka?" akasema. "Wallahi profesa, una wazimu. Mitende yangu miwili imeshakauka. Hebu njoo."

Akanipeleka hadi kwenye chombo chetu. Hatua mbili mbele yake mfereji ulikuwa umezibwa kwa jiwe na kanga kuukuu. Ndivyo wanavyogeuza maji: zamu yako ikifika, unaziba mfereji mkubwa, maji yanaingia kwako. Yakizibwa, huku nyuma yanapanda. Kutwa watu wanapokezana kuziba, na chombo chetu kinaona neema.

"Tazama simu yako," akasema, akaivuta ile kanga. Namba ikaporomoka mkononi mwangu. "Mmekuja na magari matatu, mmekunywa kahawa yangu, hapana hata mmoja aliyeniuliza hii kanga ya nini."

Nikarudi kwa mkuu wa idara, nikamweleza. Akacheka, hata macho hakuinua. "Khalas, yamekwisha, profesa, ripoti imeshapita. Nani atakwenda huko kuvuta kanga?" Nimemchukia, na kicheko chake nimekichukia. Lakini anayenitia kinyaa zaidi ni yule ninayemnyoa ndevu kila asubuhi kwenye kioo.

Nimewaandikia wanaotoa ruhusa kwamba naondoa sahihi yangu, nikawaeleza habari ya kanga. Hawajajibu. Mkuu naye kanambia mkataba wangu hautaongezwa. Jana nimepita kule juu, mashine ya kuchimbia imeshaegeshwa.

Nisalimieni Mzee Shaabani, fundi wetu wa maabara, na dada yangu Rukia aliyekuwa akiwapikieni uji mkirudi mtoni. Mwanaidi, mbusie mama mkono kwa niaba yangu.

Hamadi, nimekuacha mwisho kwa makusudi. Uliandika namba za siku ambayo hukwenda mtoni. Mvua ilikuwa kubwa, na baba yako yu hoi hospitali. Nami nikakutoa kundini mbele ya wenzako, nikasema mtu anayeandika maji asiyoyaona hastahili kuitwa mhandisi. Ukaliacha daftari mezani, ukaondoka.

Mimi sikuwa na mvua wala mgonjwa. Nilikuwa na kiyoyozi na kikombe cha kahawa.

Daftari lako liko kabatini nyumbani, ufunguo anao Rukia. Nenda kalichukue, mwanangu. Jina lako nimelirudisha kwenye orodha ya kundi, na langu nimelifuta.

Niwieni radhi,
aliyekuwa mwalimu wenu,
Suleimani