Mstari wa Mulamula

Jumamosi, 4 Machi

Itangazwe kote Busoga, wenye kofia wazivue: leo mlango wa choo cha nyumba yangu ya wageni umejifunga. Wenyewe! Bila teke. Naigaga, mke wangu, kauliza kama mkuu wa wilaya atakuja kukata utepe. Mwanamke huyu hana heshima kwa maendeleo.

Imebaki kufyeka ukingo wa mto tu. Kaka yake, shemeji yangu Balikowa, jirani wa upande wa chini, keshafyeka wake mpaka majini. Kwake Nile unaiona ukiwa kitandani. Kwangu — mafunjo, na ndege wanaogombana humo.

Jumanne, 11 Aprili

Ukingo haukufyekwa. Vibarua wangu, Tenywa na wenzake, wamekuja na mapanga, wakafika kwenye mstari wa mulamula, wakasimama. Mulamula ndio mmea wetu wa mpaka; mtu hauvuki na panga, hata akiwa mlevi.

"Huko kuna mwenyewe," kasema Tenywa.

Mwenyewe nani? Kaonyesha maji kwa kidevu: mzimu wa mto. Nami nikanyamaza, kama mtu mwenye mpango wake.

Jioni Balikowa kaja, kacheka mpaka kakaa chini. Eti wageni wangu watalipa kutazama majani, kama mbuzi.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua kubwa. Mto umepanda. Ukingo wa Balikowa umekwenda, pamoja na banda lake la malwa, pombe yetu ya ulezi, chungu na mirija yake. Ufa unaelekea nyumbani kwake. Kwangu mafunjo yalilala, yakainuka. Hakuna donge lililoondoka!

Watu wanakuja kutazama. Wananiita mwona mbali. Nimevaa koti. Naigaga kasema nishushe kidevu, nisije nikajikwaa.

Jumapili, 30 Aprili

Balikowa yuko nje kwenye benchi. Kaja na jogoo! Anaomba vijiti vya mulamula, apande kabla nyumba haijafuata banda. Na anataka kujua nilijuaje. Nimesema natafuta miwani. Ninayo puani.

Basi, ukweli. Sikujua kitu. Ile mulamula ni vijiti nilivyofungia kamba siku ya kupima msingi. Nilipima vibaya, nikahamisha nyumba juu, vijiti nikavisahau. Vikachipua. Na huko juu nimeandika nilinyamaza — uongo! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka: kateni, ni kwangu! Nikampokonya Tenywa panga. Nikafika kwenye mstari nilioupanda mwenyewe, kwa bahati mbaya… na mkono ukakataa. Mguu pia.

Najivunia mkono huo. Kichwa kisitajwe.

Lakini shemeji akipanda mulamula peke yake, nyumba itakwenda. Kinachoshika udongo ni mafunjo, na upande huu mwenye mafunjo ni mimi tu. Lazima nitoke nimwambie, nikang'oe naye mizizi ya mafunjo, tukaipande kwake. Koti nivae au nisivae?

Naigaga ameketi karibu na kaka yake. Namsikia, sauti tamu kama asali:

"Kaka, kunywa chai. Ngoja nikusimulie habari ya kamba…"