Maji ya Mgongo wa Ilunga

Musonoi, Kolwezi

Tata mpendwa,

Amani ikukute Kongolo, wewe na mama. Miguu ya mama imepungua kuvimba? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu. Ningekueleza haya kwa simu, lakini nikianza sauti inakatika.

Unajua mdogo wangu Ilunga aliacha kuchimba madini kule Mutoshi kwa sababu ya kuumwa kichwa. Picha ya hospitali ilionyesha uvimbe ndani kabisa ya ubongo. Daktari akaomba kutoa maji kidogo kwenye uti wa mgongo, yapelekwe kwa watafiti ng'ambo. Alisema maji hayo huzunguka ubongo na kubeba alama za uvimbe, kwa hiyo pengine wangeutambua bila kupasua kichwa.

Wewe ulikataza. Ulisema dada yako alichomwa mgongoni vilevile, hakuamka tena. Tata, niliweka sahihi ya kukubali. Ilunga aliniambia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, mi nachoka kugonjwa kitu yenye haina jina."

Siku ya kuchomwa nilimshika magoti, amejikunja kitandani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Kiuno kilimuuma siku mbili, kisha akatembea.

Jibu lilichukua majuma mengi. Daktari alivuta kiti, akakaa kwanza. Uvimbe ni ule mbaya, na dawa ya kuumaliza haipo.

Ilunga akamuuliza, "Sasa ile mayi ilinisaidia nini, mi?"

"Yametuzuia kukupasua bure," daktari alimjibu. "Kukuponya, hapana. Watafiti bado wanajifunza kusoma hizo alama. Wakipata maji yako mara nyingine watajua zaidi, lakini hulazimiki."

Ilunga akasema, "Kuko batu bengine benye kugonjwa hivi. Bakamate tena."

Wakachukua maji tena, Jumanne iliyopita.

Sasa anataka kurudi kwenu. Tutapanda treni akipata nguvu kidogo. Mkono wa kulia hauinuki, na maneno mengine yanampotea. Mwandae mama, asipige kelele akimwona.

Mume wangu, karani yuleyule asiyependa kuandika, anakusalimu. Nisalimie shangazi anayeuza samaki, na kaka yetu mkubwa katekista, atuombee.

Ukinikasirikia mimi, utanikemea nitakapofika, nitasikiliza. Lakini Ilunga kila asubuhi ananiuliza kama unamkasirikia. Ninamwambia hapana. Tata, usinifanye mwongo.

Binti yako,
Ngoie