Ripoti ya Kofia

Nyumba ya walimu,
chumba cha mwisho.
Jumapili, tarehe 12.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mzee wako, bado anaficha dawa zake kwenye chungu cha maua? Sisi huku wazima, ila Chiriku wako amechoka hoi. Watoto arobaini na mmoja wa miaka mitano wamenimaliza sauti. Ungecheka, wewe uliyenipa jina hilo kwa sababu nilikuwa sinyamazi.

Mama hajambo. Ameacha mkongojo, na sasa hakai nyumbani hata kwa kufungiwa.

Nikwambie lililonikaa kooni. Mwezi uliopita niliandika ripoti zote kwa siku moja, chai ikipoa pembeni. Nilipofika kwa mtoto tunayemwita Kofia, maana kofia yake haivui, mkono ulijiendea wenyewe: "Ana kelele, anasumbua wenzake." Kofia anatoka kwenye mabanda ya wahamiaji nyuma ya kiwanda. Nimeshafundisha wengi wa huko, na kichwani mwangu wote walikuwa mtoto mmoja. Wala sikusita.

Jumatatu mama yake, mfua nguo wa hospitali, alikuja kabla ya kengele, ripoti kaishika kwa mikono miwili. Nikajiandaa kugombezwa. Kumbe amekuja kunishukuru.

"Mwalimu, tangu tuhame hajatoa neno, miezi minane sasa. Kumbe hapa anapiga kelele! Anasemaje? Niambie hata neno moja tu."

Shangazi, nilitamani ardhi ipasuke. Uongo ulishafika kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia kweli, kwamba sijawahi kumsikia, kwamba niliandika bila kumtazama. Hakufoka. Aliikunja ile karatasi, akaniuliza, "Sasa huyo uliyemwandika ni mtoto wa nani?" Kisha akaenda zake kazini.

Mwalimu mkuu anataka niandike upya hiyo moja, yaishe. Mimi naandika zote. Kila siku nakaa chini na watoto watatu, nawatazama tu. Kazi hii inachosha kuliko kuimba nao siku nzima, kwa sababu macho yangu hayaishi kukimbilia wale waliolelewa kama sisi, nami nayarudisha, yanakimbia tena. Sijiamini hata kidogo.

Wasalimie binamu fundi redio na mkewe, na bibi wa nyumba ya pili. Habari ya ripoti usiwasomee, nina aibu.

Jambo moja limebaki. Unakumbuka nilivyomsifu kwako binti wa daktari, kwamba ndiye anayepanga viatu vya wenzake mlangoni? Hata kwenye ripoti nilimsifu. Si yeye. Ijumaa ilikuwa zamu ya Kofia, nikamwona mwenyewe akivipanga, jozi kwa jozi, visigino vikiwa vimeegemea ukuta, vyangu pia. Hakusema kitu.

Kesho nitamngoja mama yake mlangoni. Neno aliloliomba sina. Nitamwonyesha viatu.

Mungu akuweke, Shangazi, na mimi aniondolee wepesi wa mkono.

Ni mimi wako, nikupendaye hata nikichoka,
Chiriku