Kufuli Tatu za Chumba cha Seva

Geita mjini

Mama yangu,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Lushoto? Mafuta ya kuchulia niliyomtumia Kaka Athumani yalikufikia, au ameyafanya yake? Mimi ni mzima, vumbi tu la huku ndilo linalonikera. Barua hii nimempa Hadija wa duka la vitenge anayekwenda arusini Korogwe, kwa sababu kwenye simu utasema "vumilia mwanangu" kabla sijamaliza kueleza. Athumani, wewe unayemsomea, soma yote, usiruke.

Mama, mabosi wangu ni wapumbavu. Nimetafuta neno lenye adabu nikalikosa.

Unajua wana mtambo wa kuchenjua marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa na bado umebakiwa na dhahabu. Wako wabia watatu, na hakuna anayemwamini mwenzake hata kwa kijiko cha chumvi. Huku ni kawaida: kwenye stoo ya kaboni iliyonasa dhahabu, kila mbia hupiga kufuli yake mlangoni, na haufunguki mpaka wote wawepo. Kwa dhahabu naona maana yake. Lakini waliponunua seva, nayo wakaijengea chumba na kukipiga kufuli tatu.

Seva ni kompyuta moja yenye nguvu, hii yetu inatumia mfumo wa Linux. Ndani yake nimetengeneza kompyuta nyingine, zinaitwa mashine pepe. Huwezi kuzishika kwa mkono, ila kila moja ina kazi yake, kama wapangaji wa nyumba moja. Moja inasoma mizani ya malori, nyingine inatunza vipimo vya maabara, nyingine ni ya ofisi. Mpangaji mmoja akiugua unamtibu yeye, wengine wanaendelea kupika. Na kuwafikia si lazima uende walipo. Nakaa na laptop yangu popote penye mtandao, naingia, nafanya kazi, natoka. Seva yenyewe sijaigusa tangu siku ilipowekwa.

Ndiyo maana nilimwomba Bosi, yule mwenye kauli kuliko wenzake, niifanye kazi hii nikiwa kwako, nikae na Salma wangu. Akasema atafikiri. Wanasema akili ni nywele, na yeye ana kipara kinachong'aa.

Wiki iliyopita mashine pepe ya mizani iliganda. Malori yakajipanga hadi barabarani, madereva wanapiga honi. Mimi nilikuwa kwa mama ntilie pale getini. Nikafungua laptop, nikaingia, nikaliona tatizo. Ilibaki kuizima ile moja na kuiwasha tena. Mara Bosi huyo, mbio mbio.

"Unafanya nini hapo?"

"Nashughulikia mizani."

"Ukiwa nje? Na mlango umefungwa?"

"Mlango hauhusiki, Bosi. Nimeshaingia."

"Umeingiaje na ufunguo ninao mimi?"

Akaifunga laptop yangu kwa mkono wake mwenyewe, akasema hakuna kugusa kitu mpaka wabia wote wawepo. Na yule wa tatu, mzee wa Masumbwe, alikuwa Shinyanga kwenye mambo yake ya pamba. Basi tukasubiri. Malori yakalala palepale. Mlinzi wetu, Mzee Masanja, alinihurumia, akaniita mama kwa Kisukuma chake: "Pole, mayu. Hawa wangechunga ng'ombe hivi, fisi wangenenepa."

Kesho yake mzee wa Masumbwe akafika. Wakafungua kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakaingia wote kwa heshima kubwa, mmoja hata akavua kofia. Wakaikuta seva: sanduku jeusi, vitaa viwili, feni inavuma.

"Kioo chake kiko wapi?" mzee akauliza.

Haina kioo, Mama. Haina hata vitufe vya kuandikia. Nikakaa sakafuni, nikafungua laptop ileile, nikaingia kwa njia ileile, nikaizima ile mashine pepe na kuiwasha. Mizani ikafanya kazi. Wakapiga makofi!

Bosi akanigeukia mbele ya wenzake: "Umeona mwenyewe? Bila kuingia chumbani isingepona. Halafu wewe unataka kwenda kukaa Lushoto."

Nilijaribu kueleza. Ni kumpigia mbuzi gitaa, ingawa mbuzi angalau angetikisa masikio. Nilicheka mbele yao, kisha nikaenda chooni nikalia.

Nililia kwa ajili ya Jumapili ile ulipompa Salma simu, akaniambia, "Shikamoo, anti." Ulicheka, ukasema mtoto amechanganya. Hakuchanganya, Mama. Kwake mimi ni mtu wa kwenye simu anayetuma nguo, na nguo zenyewe zinafika zimeshambana.

Leo asubuhi nimeacha kazi. Kazi nyingine sina, na najua utakachosema kuhusu mwanamke aliyekwisha kuachwa na mume kisha akauacha na mshahara. Kiseme, nitakuwa nimekaa mbele yako nakusikiliza. Bosi nimemwachia maelezo yote ya namna ya kuzifikia zile mashine, nimeyaandika vizuri kwenye karatasi. Yeye na wenzake wameyafungia chumbani, kwa kufuli tatu.

Nisalimie mke wa Athumani, na Mjomba mwenye mizinga ya nyuki, na yule bibi mkunga aliyemzalisha Salma, na ustadhi wake wa madrasa. Wao waambie nipo njiani.

Salma usimwambie. Tumeshamwambia mno kwamba mama anakuja, na sikuja.

Mwanao,
Zaituni