Kahawa ya Kapitan Fermin

Shosti Amihan, shika simu.

Leo si wamezindua ule mtambo wa kusafisha maji, wa zile pesa za serikali za kufufua uchumi? Padre kaubariki, kisha Kapitan Fermin, mkubwa wetu wa mtaa, kahutubu: "Acheni kununua maji ya madumu. Haya ni safi kuliko ya dukani."

Mimi nikamwamini. Nikachota bombani, nikachemsha, nikawapa wageni kahawa ya barafu.

Kapitan kapiga funda, kanisifu. "Dada Rosalinda, kahawa tamu. Maji ya dumu umenunua wapi?" Akapiga funda la pili.

Nikamwambia, "Ni ya bomba lako, Kapitan."

Shosti, mashavu yamejaa na hamezi. Akazunguka nyuma ya bango lenye picha yake akitabasamu, akatema. Nimemsikia kabisa akitema. Padre naye kasikia, akaweka kikombe chini taratibu.

Karudi anasema eti imemuunguza. Imuunguze vipi, na barafu inaelea?

Yule anajua kitu.

Ulisema leo utamkorogea mtoto maziwa kwa maji yale. Kama hajanywa, mwaga.